Kamba Iliyotoka Kinywani mwa Ng'ombe

Nawaandikia ninyi mnaoshuka ziwani mwaka huu, hasa mliotoka juu, Nambis na vijiji vya jirani, mkiwa na nguvu za jembe na bado hamjui kukaa ndani ya mtumbwi. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini nimeacha kazi. Huwa nawajibu kwamba mgongo unauma. Mgongo unauma kweli, lakini siyo sababu. Sababu nitaiandika hapa pamoja na mambo mengine ya kazi, maana nikianza kuisema kwa mdomo nakwama. Niliishia darasa la saba. Mkiona nimerudi nyuma au nimeruka mbele, nivumilieni.

Hata sasa, asubuhi nikiamka, kuna muda mfupi ambao jambo hili halijatokea. Halafu linatokea tena.

Nianze na mtumbwi. Mtumbwi wetu wa mateteni ni wa mtu mmoja. Unachongwa kwenye gogo moja, mwembamba kama hori la kunyweshea ndama, na sababu ya kutotumia mbao ni kwamba maji ya ziwa letu hili la Eyasi yana chumvi na magadi, yanakula misumari. Nilimwona fundi mmoja akileta mtumbwi wa mbao, mzuri, umepakwa rangi. Haukumaliza kiangazi. Misumari iligeuka unga mwekundu, mbao zikaachana kama watu waliogombana.

Unakaa chini kabisa, miguu umeinyoosha mbele, na kafi lako lina bapa pande zote mbili, kwa sababu njia za ndani ya matete ni nyembamba na huna nafasi ya kuhamisha mikono. Samaki, kama sisi, hawapendi chumvi kali. Wanajazana pale chemchemi za maji baridi zinapoingia ziwani, na pale ndipo matete yanapoota. Kwa hiyo mvuvi anayetaka kambare na perege lazima aingie ndani ya matete, na mwenye mtumbwi mkubwa atabaki nje akiwaangalia ndege.

Aliyenifundisha ni Gidaneri, ambaye sote tulimwita Gida. Alikuwa Mdatoga, mtoto wa watu wa ng'ombe kutoka tambarare za Hanang, na kwao mtu anayekula samaki ni kama mtu aliyeamua kula mchanga. Alikuwa amenizidi umri kidogo tu, lakini nilimwamkia kila siku, naye aliitikia kila siku bila kucheka. Alikuja ziwani baada ya ugonjwa kumaliza mifugo yake. Hakutaka kuchunga ng'ombe wa mtu mwingine, hata wa kaka yake. Akajifunza maji.

Siku yangu ya kwanza alinikalisha kwenye mtumbwi, akanisukuma mbali kidogo, akaniambia nitulie. Nikatulia. Nilikuwa naanza kujiona mvuvi. Mara akapita mzee mmoja pembeni na mtumbwi wake, ndevu nyeupe, ananitazama. Sasa mimi nimelelewa Nambis. Kwetu mkubwa akipita hukai. Nikasimama nimwamkie.

Ile "shikamoo" ilianzia hewani ikamalizikia majini. Nilipotoa kichwa, macho yakiwaka kwa magadi, nilimsikia yule mzee akisema kwa utaratibu, "Marahaba, mwanangu," kisha akaendelea na safari yake. Gida alicheka hadi akalala kwenye majani.

"Wewe Mwiraqw," aliniambia, "humu ndani heshima inakaa. Ukisimama unamzika mtu."

"Nani?"

"Wewe mwenyewe."

Kwa hiyo kumbukeni, ndani ya mtumbwi salimieni mkiwa mmekaa. Hakuna mzee wa ziwani atakayewalaumu.

Mambo mengine aliyonifundisha ni haya, nayatoa kama yanavyonijia. Beba maji ya kunywa kila siku, hata kama unaingia kwa muda mfupi. Utakuwa umezungukwa na maji na hakuna hata tone utakaloweza kulimeza. Ukitoka, jioshe kwa maji ya chemchemi kabla hujakaa kula, la sivyo ngozi inapasuka kwenye vidole na chumvi inaingia humo. Kambare mshike nyuma ya kichwa, vidole viwe nyuma ya miiba yake miwili, na usimpige kofi kama unayemwadhibu. Mwenzetu mmoja alimpiga, akapanda basi la kwenda hospitali ya Haydom na mkono umevimba kama mkate. Upepo huja baada ya mchana, kutoka upande wa ziwa, na unapokuja matete yote yanalala upande mmoja na njia uliyoingilia huioni tena. Toka kabla.

Na tope. Ukiangukia kwenye tope usivute mguu. Ukivuta mmoja, wa pili unazama zaidi. Laza kafi juu ya matete, lipitishe chini ya makwapa yako yote mawili, ulale juu yake na kifua, halafu subiri wenzako. Gida alinifanyisha zoezi hilo mara nyingi hadi nikakasirika. Alisema kafi halikutoi, ila linakuweka juu mpaka watu waje.

Mpaka watu waje. Sasa niwaeleze watu walijuaje kwamba waje.

Njia zote za mateteni zinaanzia sehemu moja, tunaita mlangoni. Kila aliyeingia alifunga fundo kwenye matete ya mlangoni, na akitoka alilifungua. Kila mtu alikuwa na fundo lake na mahali pake. La kwangu lilikuwa matete matatu yaliyosukwa kama nywele za mtoto, na walinitania sana kwa hilo. Gida hakusuka matete, alisema yakikauka yanakatika. Alitumia kipande cha kamba ya nailoni, akafunga fundo ambalo watu wao hufungia ndama, lile unalolivuta kwa mkono mmoja likafunguka. Jioni, mtu yeyote aliyekuwa kambini alitupa macho mlangoni. Kama hakuna fundo, watu wote wametoka, tunakula. Kama fundo lipo, hakuna kula, tunaingia kumtafuta mwenye fundo. Na hakuna mtu aliyegusa fundo la mwenzake, hata kwa mzaha. Niliona mtu akifukuzwa kambini kwa mzaha huo.

Mmenionyesha simu zenu mlizofunga kwenye mifuko ya plastiki. Sizidharau. Lakini ninyi wenyewe mnajua kwamba ukiingia hatua chache ndani ya matete, ile simu inabaki saa na tochi.

Gida hakulala wala kula kambini nasi. Alikuwa na kibanda chake upande wa pili, karibu na chemchemi, na mtumbwi wake aliupandisha huko. Sababu alikuwa haisemi, lakini mimi niliijua. Kaka yake, Gwandu, alinywesha ng'ombe kwenye chemchemi hiyo. Ndugu hao hawakula pamoja tangu Gida aonje samaki. Kila Gwandu alipokuja na ng'ombe, Gida alitoka kwenye kibanda, wakasalimiana wakiwa mbalimbali, mmoja huku na mwingine kule.

"Ng'ombe wazima?"

"Wazima. Na wewe unanuka bado?"

"Nanuka bado."

Basi. Gwandu alikwenda na ng'ombe wake. Nilimwuliza Gida siku moja kama haimuumi. Alisema, "Anapita kila siku. Chemchemi ziko nyingine, za karibu na boma lake." Hakuongeza neno.

Kiangazi kilichopita mvua ilikatika mapema. Ninyi mliokuwa juu mliona mahindi yalivyojikunja. Huku chini majani yaliisha kabisa, na wafugaji wakaanza kuwaingiza ng'ombe kwenye matete. Hatukugombana nao. Ng'ombe ana njaa, utamwambia nini? Wakala ufukwe wote, kila siku sehemu mpya, hadi ukingo ule ukawa kama kichwa kilichonyolewa na mtu mwenye haraka.

Siku hiyo upepo ulikuja mapema kuliko kawaida. Mimi nilikuwa nimeshatoka, nimejiosha, nimekaa kwenye jiko la Mama Neema, yule mama anayetupikia kambini. Jua lilikuwa linashuka. Mama Neema alisimama na mwiko mkononi, akatazama mlangoni, akasema, "Hakuna fundo. Njooni mle." Na mimi niligeuka nikatazama mwenyewe. Niliona matete mafupi yaliyoliwa, kama ufukwe wote ulivyokuwa, na sikuona fundo. Nikala ugali na perege. Nilishiba. Nakumbuka nilisifia chumvi.

Asubuhi, chai ikiwa bado motoni, tulimwona Gwandu anakuja. Hakuwahi kukanyaga kambi yetu. Mtu mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, anatembea kwa hasira. Hakusalimu hata Mama Neema.

"Ninyi wala samaki," alisema, "mnataka kuniulia ng'ombe?"

"Kaa kwanza, mzee," Mama Neema alimwambia. "Chai ipo."

"Chai yako inanuka kambare. Tazameni! Ng'ombe wangu amelala usiku kucha anatoa mapovu, hacheui. Nimemfungua kinywa mwenyewe, nimeingiza mkono hadi hapa. Tazameni kilichokuwa kwenye meno! Mnaacha kamba zenu kwenye majani kwa nini?"

Akatupa kitu chini, mbele ya miguu yangu. Kilikuwa kipande cha kamba ya nailoni, kimetafunwa, kimejaa ute wa kijani, na katikati yake mabua mawili ya matete yaliyopondeka. Fundo lilikuwa bado limefungwa.

Sote tulilitazama fundo lile. Gwandu alituangalia, akadhani tumeona aibu, akaendelea kidogo na maneno yake. Kisha akaangalia pale macho yetu yalipokuwa yanaangalia. Akainama. Akaliokota fundo lile, akaligeuza, na vidole vyake vikavuta pale pa kuvuta bila yeye kufikiri. Likafunguka.

"Hili alitufundisha baba," alisema.

Halafu sauti yake ikabadilika kabisa. "Yuko wapi?"

Sijui nani aliinuka kwanza. Najua chai ilimwagika, kwa sababu baadaye niliona mguu wangu umeungua. Tuliingia na mitumbwi yote. Gwandu alibaki mlangoni, maji yakiwa magotini, anazungusha kichwa kama ng'ombe aliyepoteza ndama. Hakuwahi kuingia maji yanayozidi magoti maisha yake yote.

Gida nilimwona mimi. Mtumbwi wake ulikuwa umepinduka na kunasa kwenye matete, labda upepo, labda kiboko, sijui na sitajifanya najua. Yeye alikuwa kwenye tope hadi kifuani. Kafi alikuwa amelilaza juu ya matete, limepita chini ya makwapa yote mawili, kifua juu yake, vizuri kabisa, kama alivyonifanyisha mimi. Kichwa amekilaza juu ya mkono. Nilimwita. Nilimwambia, "Shikamoo, Gida, tumekuja." Nilidhani amelala.

Niliuweka mkono wangu kwenye kwapa lake. Kulikuwa na joto.

Wanangu, mimi nimeosha maiti kwetu Nambis, baba yangu na wengine. Najua mtu aliyekufa jana anakuwaje asubuhi. Mkono wa Gida ulikunjika tulipomtoa. Ulikunjika kirahisi, kama wa mtu aliyechoka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Niliyaona hayo nikayafunga moyoni, na wenzangu nao waliyaona, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Walimzika kwao, nyumbani kwa Gwandu. Sikutegemea. Gwandu alichinja ng'ombe dume, Gida akafunikwa ngozi ya dume huyo, kama mtu ambaye hakuwahi kuonja samaki. Sisi wavuvi tulikaa pembeni kwa sababu hatukujua kama tunatakiwa. Mama Neema ndiye aliyeanza, alipoulizwa na wanawake wa pale. Alisema alikufa palepale, hakuteseka. Wengine wakadaka. Alikufa palepale. Mchana mzima neno hilo lilizunguka boma kama kata ya maji, kila mmoja anampa mwenzake. Siwalaumu. Nililiona linawasaidia watu kupumua. Mimi nilinyamaza.

Siku iliyofuata Gwandu alikuja kambini tena. Mara hii alisalimu watu wote. Akaniita pembeni, tukakaa kwenye mchanga. Akawa anachora chini kwa fimbo.

"Baba Paskali," alisema, "ndugu yangu alikuwa akisema wewe hujui kudanganya. Alisema kwa hilo tu ungekufa njaa sokoni."

"Alipenda kunitania."

"Kama tungekwenda ile jioni, tungemkuta hai?"

Nilitamani mtu atuite. Nilitamani mvua. Nilimtazama Mama Neema jikoni, naye alikuwa anatutazama, anatikisa kichwa taratibu, ananiambia nisiseme. Alijua ninachoulizwa.

"Ndiyo," nilisema. "Tungemkuta hai. Alikuwa hai usiku mzima, au karibu wote. Nilipofika alikuwa bado ana joto."

Nilidhani atanipiga na ile fimbo, na ningemwacha anipige. Aliilaza fimbo mchangani. Alishusha pumzi.

"Nilikuwa pale mlangoni," alisema. "Ng'ombe wakila, mimi nilikuwa nimesimama palepale hadi jua lilipoanza kushuka. Na usiku nililala pale juu ya ukingo na yule ng'ombe mgonjwa, sikufumba macho. Sikusikia mtu." Akanitazama. "Alikuwa ananiita, mimi nikawa nasikiliza tumbo la ng'ombe?"

Nilimwambia sijui.

"Nipeleke," alisema.

Nilimkalisha kwenye mtumbwi wa Gida. Mtu mrefu vile, miguu haikutosha, akakunja magoti, akashika kingo mbili kwa nguvu hadi mishipa ya mikono ikasimama. Nilifunga mtumbwi wake nyuma ya wangu nikauvuta. Watu walikuwa wamesimama mlangoni wanatutazama, wake wawili wa Gwandu, wazee wa kwao, wavuvi wote, Mama Neema. Hakuwaambia anakwenda kufanya nini, na mimi sikujua. Mtumbwi ukiyumba kidogo tu alitoa sauti ndogo kooni. Lakini hakuniambia turudi.

Tulipofika nilimwonyesha. Matete yalikuwa bado yamelala pale kafi lilipokuwa, na tope lilikuwa limeshajifunika, sawa kabisa, kama halijawahi kushika mtu. Gwandu alipaangalia. Kisha akavuta pumzi na akaita.

Aliita kwa Kidatoga, jina ambalo sikuwahi kulisikia, nadhani la utotoni. Mnajua wachungaji wanavyoita, mtu yuko kilimani na mwenzake yuko kilima kingine. Aliita hivyo. Ndege waliruka wote juu yetu. Mimi niliyekuwa karibu naye nilishika masikio. Aliita tena na tena, akageukia kule mlangoni tulikotoka, akaita, hadi sauti ikapasuka na mwisho ikawa inatoka hewa tu. Kisha akanionyesha kwa mkono kwamba basi.

Tulirudi. Njia nzima sikugeuka kumtazama. Matete yalipofunguka tuliwaona wale watu wamesimama vilevile tulivyowaacha. Mama Neema aliingia majini akaushika mtumbwi.

"Mmekaa sana," alisema. "Tulianza kuogopa. Kimya hivyo, hata neno moja!"

Gwandu alifungua mdomo, sauti haikutoka. Nikauliza mimi. "Hamkumsikia akiita?"

Mama Neema akawageukia wenzake. Wale wake wa Gwandu wakatazamana. Mzee mmoja akasogea mbele, mkono sikioni.

"Nani aliita?" alisema.

Na siku hiyo hapakuwa na upepo kabisa, siyo kama siku ile ya Gida.